SOMO: KIUNZI CHA KUINAMISHA SOLA KAMBINI



Umeme wa Tanga ulivuka chini ya bahari ukafika Pemba mwaka 2010, lakini haukuingia katika kila kambi ya wachumaji. Huko taa ya usiku hutegemea sola ndogo na betri yake. Taa ikizimika kabla ya kuchambua kwisha, karafuu mbichi hulala katika magunia, hupata joto na kuvunda, nazo zikaharibika rangi na bei. Aghlabu sola haina kosa. Kosa ni kulazwa bapa mchana kutwa.

Jua likiwa limepanda digrii 30 tu, sola iliyolazwa hupokea nusu ya miale inayopokewa na ile iliyolielekea jua sawasawa. Kwa hiyo asubuhi na alasiri ndipo tupotezapo zaidi. Dawa yake ni kiunzi chepesi ambacho mtoto aweza kukigeuza.

Tuseme ubavu wa sola una sm 60.

Kwanza. Kateni mbao mbili za sm 60, mzifunge kwa bolti chini ya sola, moja kila ubavu, kwa kutumia matundu yaliyomo katika fremu yake. Msitoboe sola yenyewe. Kateni nyingine mbili za sm 70 za kitako, mziunge kwa mbao za kukingama.

Pili. Ungeni mbao za juu na kitako kwa bawaba upande mmoja, sola ifunguke kama kifuniko cha sanduku.

Tatu. Kateni miguu miwili ya sm 30. Ifungeni kwa bolti katikati ya mbao za juu, isikazwe sana, ipate kuzunguka.

Nne. Inueni ukingo wa sola hadi sm 20 juu ya kitako, tieni alama pale mguu uangukiapo, kisha chongeni jino. Fanyeni vivyo hivyo kwa sm 30 na sm 42. Meno hayo ni digrii 20, 30 na 45.

Matumizi yake ni haya. Asubuhi elekezeni mashariki kwa jino la 45, na alasiri magharibi. Adhuhuri ya Juni na Julai jua liko kaskazini yetu, basi tumieni jino la 30 kuelekea kaskazini. Desemba liko kusini, na jino la 20 latosha. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini, sola ilale. Vitabu vya watu wa Ulaya husema elekeza kusini mwaka mzima. Hiyo ni kwa kwao, si kwetu.

Mwenye shaka na asimamishe msumari wima juu ya ubao wa sola. Kivuli chake kikitoweka, sola imelielekea jua barabara.

Mambo matatu yasisahauliwe. Kivuli cha tawi moja huweza kupunguza umeme mwingi, basi wekeni kiunzi uwanjani, karibu na majamvi. Acheni upepo upite chini ya sola, kwani ikipata joto kali nguvu hupungua. Na kitako kifungwe kwa kamba na vigingi, maana upepo hauna rafiki.

Kazi hii ni ya alasiri moja. Ifanyeni kabla mavuno hayajaanza.

Katibu wa Chama