Kuazima Si Kukopa: Mikataba ya Maktaba na Mwanafunzi wa Kiswahili wa Garissa

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili huligundua wakiwa wamechelewa, aghalabu katika mwaka wa mwisho wa masomo: nafasi ya kuingia na kuazima vitabu katika maktaba ya chuo kingine kwa misingi ya makubaliano baina ya vyuo. Mfano wetu mkuu ni Garissa, na kupitia kwake eneo zima la Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Hoja ninayoitetea ni kwamba mkataba wa maktaba, kimsingi, ni dhamana. Na dhamana inayomfaa mwanafunzi aliyeko Nairobi si lazima imfae mwenzake aliye takriban kilomita 370 kutoka huko.

Maneno Kwanza

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, na tuanzie kwenye vitenzi. Barabarani, na hata ndani ya mabweni yetu, utasikia mtu akisema "nikopeshe kitabu". Kauli hiyo inaeleweka, lakini inachanganya mambo mawili. Anayekopa hukopa fedha, unga au sukari. Kitu chenyewe hutumika kikaisha, na kinachorudishwa ni kingine cha thamani sawa. Anayeazima huazima jembe, sufuria au kitabu, naye hutarajiwa kukirudisha kile kile alichopewa. Mwanafunzi aliyepoteza kitabu cha maktaba na akalipa bei yake amegeuza kuazima kuwa kukopa, na maktaba hairidhiki hata kidogo, hasa ikiwa kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1975 na hakipatikani tena madukani.

Kitenzi hiki kina sifa nyingine ya kuvutia: kinatazama pande mbili. Huweza kusema "niliazima kitabu kwake" na pia "aliniazima kitabu". Kauli ya kutendana, yaani kuazimana, ndiyo inayotufaa zaidi hapa, kwani maktaba zinapoingia mkataba huwa zinaazimana. Hata hivyo, umbo hilo linaficha mtu wa tatu. Mwenye kitabu hamjui msomaji anayetoka chuo kingine. Anachokijua ni chuo chake. Kwa hiyo kuna mwenye mali, kuna mwazimaji, na katikati yao kuna mdhamini. Asipokuwapo mdhamini hapana mkataba, hata kama viongozi wa vyuo walipigwa picha wakitia saini.

Ngazi za Makubaliano

Makubaliano hayalingani. Ngazi ya chini kabisa ni ile ya kuruhusiwa kuingia na kusoma humo humo: unafika na barua, unaonyesha kitambulisho, pengine unalipa ada ya siku, unasoma, unatoka mikono mitupu. Ngazi inayofuata ni ya kuazima mwenyewe, ukapewa kadi ya muda. Ya tatu ni ya maktaba kwa maktaba, ambapo msomaji haondoki kwao. Mkutubi wake ndiye huandika ombi, kitabu au nakala ya sura ikatumwa. Ya nne ni ya kushirikiana katika rasilimali za kielektroniki. Nchini Kenya, muungano wa maktaba ujulikanao kwa kifupi kama KLISC uliundwa mwaka 2003, na kazi yake kubwa imekuwa ni kuziwezesha taasisi kulipia majarida ya mtandaoni kwa pamoja, ili bei ambayo chuo kimoja hakiiwezi igawanywe miongoni mwa vingi.

Mwanaisimu atauliza, na ana haki: katika ngazi hii ya nne tunatumia kitenzi gani? Hatuazimi, maana hakuna kinachotoka mahali pake. Hatukopi pia. Chuo kimenunua ruhusa ya kuingia, na ruhusa hiyo huisha malipo yakikoma. Jarida lililochapishwa hubaki rafuni hata chuo kikifilisika.

Tusidhani kwamba ubahili wa ngazi ya kwanza ni wa Afrika peke yake. Nchini Uingereza upo mpango wa vyuo vikuu uitwao SCONUL Access, nao huwapanga wasomaji kwa makundi. Watafiti na wanafunzi wa masafa huweza kuazima, ilhali mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma kutwa kwa kawaida huruhusiwa kusoma tu. Tofauti ni kwamba huko chuo jirani huenda kikawa mwendo wa dakika ishirini kwa garimoshi.

Garissa

Chuo kilichopo Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha ualimu. Tarehe 2 Aprili 2015 kilivamiwa na magaidi, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa. Wanafunzi walionusurika walipelekwa Eldoret kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Moi, na masomo ya Garissa yakarejea Januari 2016. Mnamo Oktoba 2017 chuo kilipewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Garissa.

Nimeieleza historia hii kwa sababu inatufunza jambo kuhusu dhamana. Mwaka ule wa 2015 hapakuwa na haja ya kujadili iwapo mwanafunzi wa Garissa angeweza kusoma katika Maktaba ya Margaret Thatcher huko Eldoret, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Moi tangu mwanzo. Chuo kishiriki kina mlezi. Chuo kamili kina uhuru, nao uhuru una gharama yake. Mapatano yote ya kuazimana sharti sasa yaandikwe kwa jina lake chenyewe, na mkutubi wake ndiye anayesimama kuwa mdhamini. Sidhani kwamba sisi wanafunzi tunaufikiria mzigo huo tunapomsumbua kwenye kaunta.

Sasa tuzipime zile ngazi nne kwa mizani ya Garissa. Ruhusa ya kuingia na kusoma katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi au ya Kenyatta ni njema, lakini mwanafunzi wa Garissa hulipia nauli ya basi kwenda na kurudi, malazi na chakula, na hupoteza angalau siku mbili njiani. Kadi ya kuazima kwa majuma mawili nayo humlazimu kusafiri tena kukirudisha kitabu. Zinazomfaa kweli ni ngazi ya tatu na ya nne. Na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapotengana na mwenzake wa biolojia.

Pengo la Kiswahili

Majarida yanayolipiwa kwa pamoja yameandikwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa mno. Mwanafunzi wa biolojia akiwa Garissa na mtandao ukiwa imara, anasoma karibu yale yale yanayosomwa Nairobi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika juu ya ushairi wa Mombasa au sarufi ya vitenzi anakuta hazina yake ingali kwenye karatasi: vitabu vya uhakiki vya miaka ya sabini na themanini, tasnifu zilizojalidiwa kwa rangi nyeusi, matoleo ya zamani ya majarida ya Kiswahili na Mulika yaliyotolewa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Huko Dar es Salaam umo pia mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ambao katalogi yake, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Miswada haiazimwi na mtu yeyote. Kinachoombwa ni nakala.

Pengo hili lina uzito zaidi Kaskazini Mashariki. Mtoto wa Lamu au Mvita huisikia lugha nyumbani, sokoni na msikitini. Wanafunzi wengi wa Wajir au Mandera lugha yao ya kwanza ni Kisomali, na Kiswahili sanifu hukipata shuleni, kwa mwalimu na kwa kitabu. Mwalimu huyo ndiye anayesomea Garissa leo. Rafu ya Kiswahili ya maktaba yake ikiwa nyembamba, wembamba huo utasafiri naye hadi darasani.

Ngamia na Kambi

Ajabu ni kwamba eneo hili hili limewahi kuufunza ulimwengu namna ya kuazima vitabu. Oktoba 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianzisha mjini Garissa maktaba ya ngamia, ikiwa na ngamia watatu, na baadaye huduma ikafika Wajir. Masanduku ya vitabu vya Kiingereza, Kiswahili na Kisomali yalifungwa mgongoni, hema likabebwa pia. Msafara ukifika, hema hupigwa, mikeka hutandikwa, wasomaji huchagua. Riwaya ya Masha Hamilton iitwayo The Camel Bookmobile, iliyotoka mwaka 2007, ilipata msukumo kutoka huko, na mgogoro wake unazuka pale kitabu kinapokosa kurudishwa.

Lakini tuiache riwaya, tuutazame utaratibu wenyewe. Mfugaji anayehamahama hana sanduku la posta wala anwani. Dhamana ya kitabu ilikuwa wapi? Kwa maoni yangu ilikuwa katika ratiba. Msafara ulijulikana kwamba utarudi siku fulani, na anayetaka kitabu kipya alileta cha zamani. Msomaji hakusafiri; kilichosafiri ni sanduku.

Mfano wa pili uko Dadaab, takriban kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, ambako kambi za wakimbizi zimekuwapo tangu 1991. Kuanzia 2013, mradi wa elimu ya juu ujulikanao kama BHER uliviunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya York na British Columbia vya Kanada ili kufundisha papo hapo Dadaab. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri, kwa hiyo ruhusa ya kuingia maktaba ya Nairobi ingekuwa kejeli kwake. Kilichomfaa ni kusajiliwa: aliyekuwa mwanafunzi wa York alihesabiwa mwanafunzi wa York, na maktaba ya kielektroniki ya Toronto ikawa yake akiwa chini ya mgunga. Mtu aweza kuwa mbali na Nairobi na akawa karibu na Toronto.

Namna ya Kuomba

Anza na visivyohitaji dhamana. Hazina za kidijitali za vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta zina tasnifu nyingi, zikiwemo za Kiswahili, zinazosomeka bila malipo. Jarida la Swahili Forum la Ujerumani pia ni la wazi. Ukishamaliza huko, tafuta katika katalogi ya mtandaoni ya maktaba unayoikusudia na uandike namba ya rafu ya kila kitabu kabla hujaomba chochote. Ombi lisemalo "vitabu vya ushairi" hurudi bila jibu.

Kisha mwone mkutubi wa chuo chako. Nilipokuwa mwaka wa tatu nilisafiri hadi maktaba moja ambayo sitaitaja, nikiwa na barua nzuri ya mkuu wa idara, iliyopigwa muhuri. Nilirudishwa langoni. Mlinzi alikuwa sahihi: mkuu wa idara angeweza kushuhudia kwamba mimi ni mwanafunzi, lakini hakuwa na uwezo wa kudhamini kitabu cha maktaba. Barua itoke kwa mkutubi, itaje tarehe za ziara na mada ya utafiti, na itumwe mapema.

Ukihitaji sura moja tu, omba nakala badala ya kitabu kizima. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya kiasi cha haki kwa ajili ya utafiti na kwa matumizi binafsi, ingawa hairuhusu kunakili kitabu chote, zoea ambalo limeenea kuliko tunavyopenda kukiri. Ukifika mwenyewe, uliza pia kama wageni wanaruhusiwa kutumia kompyuta za humo ndani, kwa sababu mikataba mingi ya wachapishaji humruhusu mgeni aliyemo maktabani kusoma majarida ambayo chuo chake hakiyalipii.

Na ukirudisha kitabu, dai stakabadhi. Fomu ya kuondokea chuoni hutiwa saini na maktaba yako, na maktaba yako haijui ulichorudisha kwingine ila kwa karatasi hiyo.

Pendekezo la Sanduku

Chama chetu kina wanachama katika vyuo vingi, na wote wanasoma fani moja. Napendekeza kwamba badala ya kungoja mikataba mikuu, tuwaombe wakutubi wa vyuo viwili wajaribu mkataba mdogo: sanduku moja la vitabu vya Kiswahili, linaloazimwa na maktaba kwa maktaba kwa muhula mzima, likisafirishwa kama kifurushi cha basi juma la kwanza na kurejeshwa juma la mwisho. Mdhamini awe mkutubi wa Garissa, vitabu visomwe katika ukumbi wa maktaba yake, na idara ya Kiswahili igharimie usafiri.

La kwanza lisizidi vitabu ishirini. Kwa upande wangu ningeanza na Tungo Zetu cha Ibrahim Noor Shariff, kitabu cha Mohamed Abdulaziz juu ya Muyaka, Ufundishaji wa Fasihi cha Njogu na Chimerah, Kamusi ya Fasihi ya Wamitila na Misingi ya Sarufi ya Kiswahili cha Habwe na Karanja. Kumi na tano vilivyosalia wachague wanafunzi wa Garissa wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua kilichokosekana rafuni.