Kusoma na Kuunga Jenomu: Mfano wa Twiga

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi jenomu ya twiga ilivyopatikana, na kuonyesha kwamba kitenzi 'kusoma', tulichozoea kukitumia tunapoieleza kazi hii kwa Kiswahili, kinaficha nusu yake iliyo ngumu zaidi. Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyomo katika seli ya kiumbe. Maelekezo hayo huwakilishwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na katika twiga idadi ya herufi hizo hupita bilioni 2.

Asikiaye 'kusoma' hudhani kuna mtu aliyefungua kitabu ukurasa wa kwanza akaenda nacho hadi tamati. Sivyo. Mashine zilizotumika sana katika miaka ya 2010 zilisoma vipande vya herufi mia moja au mia mbili hivi. DNA hukatwakatwa, vipande vikasomwa kwa wingi, kisha programu ya kompyuta ikatafuta vile ambavyo ncha zake zinalingana na kuviunga. Ninapendelea 'kuunga' kwa kuwa ndicho kitenzi tunachokitumia kwa mfupa uliovunjika. Na mfupa ukiungwa vibaya, hukaza vivyo hivyo.

Tuchukue shairi refu la tarbia lenye kibwagizo. Nakala zake hamsini zichanwe vipande vidogo, vichanganywe kapuni, kisha mwanafunzi aambiwe alirudishe. Kipande chenye maneno ya mloto kitampata mwenzake upesi. Je, kipande chenye kibwagizo pekee ni cha ubeti upi? Chaweza kuingia popote. Jenomu za mamalia zimejaa vibwagizo vya namna hii, yaani mifuatano inayojirudia maelfu ya mara, na hapo ndipo mwungaji hurukia beti nzima au kugandisha beti zisizohusiana. Dawa yake ni kipande kirefu kiasi cha kushika maneno yanayotangulia kibwagizo, kibwagizo chenyewe, na mwanzo wa ubeti unaofuata.

Mnamo 2016, kundi la watafiti lililowajumuisha Morris Agaba wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha, na Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilichapisha jenomu ya twiga wa Kimaasai na ya okapi, jamaa yake wa misitu ya Kongo. Mmoja wa twiga waliochunguzwa alitoka Maasai Mara. Jeni 70 zilionyesha dalili za kubadilika kwa namna ya pekee katika twiga, baadhi zikihusika na ukuaji wa mifupa na mfumo wa damu.

Kielelezo chao kilikuwa ng'ombe, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2009. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani jeni za wanyama hawa wawili zinafanana sana. Hata hivyo, ng'ombe hawezi kuaminiwa katika suala la mpangilio. Yeye ana kromosomu 60. Twiga ana 30, kwa sababu katika ukoo wa twiga kromosomu nyingi ziliungana. Azipangaye beti za twiga kwa kufuata diwani ya ng'ombe atapata beti sahihi katika shairi lisilo lake. Ndiyo maana unganisho la mwaka 2019, lililofikia kiwango cha kromosomu, lilihitaji ushahidi wa twiga mwenyewe: ni sehemu zipi za DNA yake hukaa karibu karibu ndani ya kiini cha seli.

Tofauti hii si ya istilahi tu. Mtafiti akitangaza kwamba mnyama fulani amepoteza jeni, hatuna budi kuuliza: imepotea katika mnyama au katika kuunga? Jeni iitwayo FGFRL1 ina mabadiliko 7 ya pekee katika twiga. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba waliyatia mabadiliko hayo katika panya wa maabara, wakawapa dawa ya kupandisha shinikizo la damu. Panya wa kawaida waliathirika. Wale wenye jeni ya kitwiga walistahimili.