Kutazama na Kuhakiki Filamu Darasani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Walimu wengi wa Kiswahili wangependa kutumia filamu darasani, ila wanahofia muda kupotea na wanafunzi kudhani leo ni burudani tu. Hofu hizo zina dawa.

Tuanze na filamu ipi?

Kwa madarasa ya chini ya sekondari napendekeza *Supa Modo* ya Kenya (2018), iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo, msichana wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona na anatamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale wa sinema. Filamu ina dakika 74, hivyo inatosha katika vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Mjadala uachiwe kipindi kijacho. Kidato cha tano na sita wanaweza kutazama *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Hii mwalimu aitazame yote peke yake kwanza, na aangalie daraja la umri lililotolewa na bodi ya filamu.

Kwani kuhakiki si kusimulia hadithi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwanafunzi anajaza kurasa mbili za "halafu... halafu", kisha anamalizia: "Filamu ni kali." Kali kwa nini? Hadithi ipewe sentensi tatu au nne, bila kufichua mwisho. Nafasi iliyobaki ni ya hukumu na ushahidi wake. "*Supa Modo* inahuzunisha" ni maoni matupu. Lakini mwanafunzi akiandika kwamba inahuzunisha kwa sababu mtazamaji anajua mapema kuwa Jo hatapona, hivyo wanakijiji wanapoingia katika ndoto yake ya ushujaa tunacheka huku roho inauma, hapo amesema jambo ambalo mwenzake anaweza kulipinga. Mwacheni alipinge, mradi naye ataje tukio analolitegemea.

Fani na maudhui tuliyozoea kwenye riwaya yanafaa?

Yanafaa sana. Dhamira, wahusika, migogoro na mandhari vyote vimo. Kinachoongezeka ni kamera, mwanga, sauti na uhariri, na hivi havifundishiki kwa kuandika maana zake ubaoni. Chagua tukio la dakika tatu. Lionyeshe kwanza bila sauti, uulize: nani ana nguvu hapa, na mmejuaje? Watataja aliyesimama na aliyeketi, uso uliopigwa picha kwa karibu, uso ulioachwa gizani. Kisha funika skrini wasikilize tu: nyayo, mlango, muziki unaoingia kabla mtu hajasema neno. Mara ya tatu waone na kusikia kwa pamoja. Zoezi hili moja nalithamini kuliko filamu tano zilizotazamwa mfululizo.

Waliosoma *Vuta N'kuvute* wana swali la ziada. Riwaya inaweza kutuambia mhusika wake Yasmini anawaza nini. Mwongozaji anatumia nini badala ya maneno hayo? Kudai filamu iifuate riwaya ukurasa kwa ukurasa ni kuionea.

Waandike huku wakitazama?

Mara ya kwanza kalamu zikae chini. Mara ya pili, kwenye matukio mliyochagua, waandike.

Vijana wamezoea filamu zenye msimulizi, kama za Lufufu Tanzania au DJ Afro Kenya. Ni kikwazo?

Msiwabeze hata kidogo. Wamekulia katika utazamaji wenye uchangamfu na maneno mengi. Tofauti ni kwamba msimulizi huwaelekeza wacheke wapi na wamchukie nani. Darasani kazi hiyo ni yao. Mpeni mmoja asimulie tukio lililozimwa sauti, kisha mlinganishe na sauti ya asili.

Hatuna projekta. Tufanyeje?

Televisheni au kompyuta mpakato inatosha kwa vikundi vinavyopokezana. Kama kuna fedha kidogo, nunueni spika kwanza, maana darasa lisilosikia mazungumzo huanza kupiga soga. Na msitumie nakala za wizi: ombeni ruhusa kwa mwenye filamu, mkieleza kuwa ni ya kufundishia.