Mtoto Asiyeuona Ubao

Somo la mwezi huu twawaandikia hasa waalimu wa shule za msingi na waalimu wa kipaimara katika sharika za Kasulu na Kibondo, pamoja na wazazi. Twataka kueleza namna ya kumfundisha mtoto mwenye ualbino katika darasa moja na wenzake. Tumemchagua huyu, si kwa kuwa watoto wengine wenye ulemavu hawatuhusu, maana juu yao tutasema neno baadaye, bali kwa sababu habari yake katika nchi hii ya Buha imechanganyika na damu. Tena kosa linalotendwa juu yake darasani ni kosa ambalo hata mwalimu mwema hulitenda pasipo kujua.

Kwanza tukumbushane yaliyopita. Tangu mwaka 2006 na 2007 zilianza kusikika habari nyingi za watu wenye ualbino kuuawa au kukatwa viungo katika mikoa ya Ziwa na ya magharibi, na Kigoma yetu ilikuwamo. Waganga waliwadanganya watu kwamba viungo vile huleta utajiri, na wenye tamaa wakasadiki. Ilipoonekana kwamba watoto hawana salama majumbani, wengi walikusanywa katika shule za bweni: Mitindo huko Misungwi, Buhangija huko Shinyanga, na kwetu Shule ya Msingi Kabanga Mchanganyiko, wilayani Kasulu. Shule hiyo ilikuwa ikiwafundisha watoto wenye ulemavu kabla ya mauaji hayo, ndiyo maana yaitwa Mchanganyiko: asiyeona na aonaye, asiyesikia na asikiaye, wote katika uwanja mmoja. Basi watoto wenye ualbino wakakimbilia hapo, na baadhi ya mama zao wakaja pamoja nao, kwa kuwa waume zao waliwafukuza.

Hatuwezi kuisahau kazi hiyo, maana iliokoa roho za watu. Lakini kimbilio si nyumbani. Mwaka 2017 Bibi Ikponwosa Ero, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ualbino, na mwenyewe ana ualbino, alizuru Tanzania; akasema kwamba makao yale yalikusudiwa kuwa ya muda tu, na kwamba watoto yapasa warudishwe kwa jamaa zao mahali penye usalama. Nasi twasema hivyo hivyo. Kuna watoto waliokaa mbali na nyumbani hata wakasahau njia ya kwao, na wengine wasijue tena kusema Kiha na bibi zao. Mtoto akirudi kijijini, Heru Juu au Mabamba au kwingineko, ataketi katika shule ya kawaida, yenye watoto wengi na ubao mmoja uliofifia, mbele ya mwalimu ambaye labda hajapata kumfundisha mtoto kama yeye. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

Watu wengi hudhani ualbino ni jambo la ngozi tu. Sivyo. Rangi ile inayokosekana katika ngozi na nywele hukosekana katika macho pia, na jicho huihitaji ili likue vema tangu tumboni mwa mama. Mahali pale pa katikati, nyuma ya jicho, panapotuwezesha kuona vitu vidogo kama herufi, hapakukomaa. Kwa hiyo miwani humsaidia mtoto kwa sehemu, wala haimponyi, na mzazi aliyeuza mbuzi ili anunue miwani asishangae kuona kwamba mwanawe bado hausomi ubao kutoka nyuma. Tena nuru nyingi humwumiza, kwa kuwa jicho lisilo na rangi haliwezi kuizuia. Na macho yenyewe huchezacheza huku na huku, asiweze kuyatuliza.

Jambo hili la macho kucheza lahitaji maneno machache zaidi. Mtoto wa namna hii mara nyingi huinamisha kichwa upande mmoja, au hutazama kwa pembeni. Mwalimu asiyejua humwambia, "Kaa sawasawa! Nitazame!" kisha humwadhibu kwa kiburi. Kumbe mtoto amegundua mwenyewe kwamba akikiweka kichwa hivyo macho hutulia kidogo, na herufi husimama. Ukimnyosha kichwa umemfumba macho. Vivyo hivyo mtoto asomaye kitabu kilichokaribia kugusa pua yake: mwacheni. Kusoma kwa karibu hakuharibu jicho, ijapokuwa wazee wengi husema hivyo.

Sasa twafika kwenye lile kosa. Kwa miaka mingi watoto wenye ualbino walipelekwa katika shule za wasioona, na huko wengine wakafundishwa nukta nundu, yaani maandishi yale ya nukta sita yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka utotoni, akayatangaza mwaka 1829. Ni maandishi mema kabisa kwa asiyeona. Lakini mtoto mwenye ualbino huona! Kumfundisha nukta nundu kwa kuwa haoni mbali ni kama kumpa magongo mtu anayechechemea kidogo na kumkataza asikanyage chini. Tena waalimu wake wameeleza mara nyingi kwamba watoto hao hugeuza kichwa na kuzisoma nukta zile kwa macho, wasizipapase kwa vidole. Je, hiyo si dalili tosha? Mtoto huyo ana uoni hafifu, wala si kipofu, naye hustahili kusoma kalamu na wino kama sisi, ila kwa herufi kubwa na kwa karibu.

Basi mwalimu afanye nini? Mengi hayahitaji fedha. Amketishe mbele, lakini asimketishe akielekea dirisha, maana nuru itokayo dirishani humpiga machoni, na kiti cha mbele chaweza kuwa kibaya kuliko cha nyuma. Mgongo wake na uelekee nuru. Ubao uliogeuka rangi ya kijivu upakwe rangi nyeusi upya, ndipo chaki nyeupe ionekane. Kazi hii ni ya siku moja, na wazee wa usharika waweza kuwasaidia waalimu. Mwalimu aandike kwa herufi kubwa, asisonge mistari, naye atamke kila neno anapoliandika. Hili la kutamka twalisisitiza kuliko yote, kwa sababu lawafaa wote: yule mwenye macho mabovu ambaye hajagunduliwa, na yule aliye nyuma kabisa darasani anayefichwa na vichwa vya wenzake.

Tena mtoto apewe ruhusa ya kusimama na kuukaribia ubao wakati wowote pasipo kuomba. Wenzake watacheka siku mbili, kisha watazoea. Mwalimu aweza kumpa daftari lake mwenyewe la maandalio alinakili, au kumchagua mwenzake mwenye mwandiko mzuri aketi karibu naye na kumsomea. Hapo tuwe waangalifu: rafiki huyo amsomee, asimwandikie. Tumeona katika madarasa kadha wa kadha mtoto mwenye ualbino akiwa na daftari safi lililoandikwa lote na mkono wa mwenziwe, naye mwenyewe hajui kuandika jina la baba yake.

Kalamu nyeusi ni bora kuliko ya bluu, na penseli iliyofifia haifai. Mistari ya daftari yaweza kukolezwa kwa kalamu na rula. Kitabu kikiinuliwa juu ya kibao cha mshazari, mtoto hatapinda mgongo siku nzima. Seremala yeyote wa kijijini aweza kukitengeneza. Kioo cha kukuza maandishi kikipatikana, ni heri, lakini mtoto afundishwe kukitumia, kisiwe cha kufungiwa katika kabati ya mwalimu mkuu.

Kuna jambo la jua pia. Nyanda hizi zetu za juu zina baridi asubuhi, na watu hudanganyika wakidhani jua la Kasulu si kali. Ni kali. Ngozi isiyo na rangi haina kinga, na saratani ya ngozi huwaua wengi wa ndugu hawa katika nchi yetu kabla hawajafika miaka 40. Kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu visihesabiwe kuwa ni kuvunja sheria ya sare. Mtoto huyu asisimamishwe mstarini juani huku matangazo yakisomwa, wala asipewe zamu ya kulima shamba la shule saa sita. Apewe kazi nyingine iliyo sawa na ya wenzake, kama kufagia darasa, ili wasimwonee wivu wala yeye asijione mgeni. Nako kusomea chini ya mti, kama ilivyotokea mara nyingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta kwa uhaba wa madarasa, kwa mtoto huyu si sawa na kusomea kivulini: kivuli huhama, na nuru hupenya majanini. Palipo na chumba kimoja tu chenye paa, darasa lake ndilo liingie. Katika hospitali ya KCMC huko Moshi ilianzishwa kazi ya kutengeneza dawa ya kujipaka iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino wa nchi hii. Mzazi aulize hospitali ya wilaya kama dawa ya namna hiyo yapatikana. Lakini dawa bila kofia haitoshi.

Juu ya mitihani, waalimu wengi hawatumii haki iliyopo. Baraza la Mitihani limeweka maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na muda wa nyongeza kwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini hali ya mtoto isipotajwa wakati wa kuandikisha watahiniwa, karatasi ya herufi kubwa itatoka wapi? Mtoto hupewa karatasi ya kawaida, huishika karibu na uso, na saa huisha akiwa katikati. Kisha hutajwa kuwa mjinga. Wala nyongeza hii si fadhili ya mwalimu: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 huwapa watu hawa haki ya elimu sawa na wengine.

Kama kuna asadikiye kwamba watoto hawa hawana akili, na atazame. Bwana Salum Khalfan Bar'wani alichaguliwa na watu wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010. Dakta Abdallah Possi, mwanasheria, aliwekwa kuwa naibu waziri mwaka 2015, kisha akatumwa kuwa balozi Ujerumani mwaka 2017. Nao walikaa katika madarasa kama haya yetu.

Kwa akina baba twasema wazi. Mtoto mwenye ualbino hakutokana na uzinzi wa mama, wala laana, wala mzungu aliyepita njia. Hutokana na baba na mama pamoja, kila mmoja akiwa amebeba kitu kilichofichika ambacho hakimdhuru mwenyewe. Na wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto hivyo. Anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amemfukuza kwa jambo alilochangia nusu. Na lile jina la kale, zeruzeru, tuliache. Wenyewe huliona kuwa tusi, nao ndio wajuao linavyouma.

Tuliahidi neno juu ya wengine. Asiyesikia huhitaji mwalimu amwelekee usoni anaposema, asiuhubirie ubao. Na lugha ya alama hujifunzwa na darasa zima, la sivyo atasema na nani wakati wa kucheza? Asiyeona kabisa huhitaji nukta nundu na mwalimu aliyejifunza kazi hiyo, kama wale watokao Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha; katika hili nia njema peke yake haifai. Kanisa letu lina shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, tangu mwaka 1963, na kabla ya hapo Waanglikana walianza Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Asiyeweza kutembea huzuiwa na ngazi mbili za mlangoni na choo chenye tundu dogo kuliko anavyozuiwa na miguu yake, na milima ya Buha haimrahisishii njia.

Katika darasa la kipaimara mambo ni mepesi zaidi, maana hatuna mtihani wa serikali wala saa ya kufukuzana nayo. Mtoto anakiliwe katekisimo kwa herufi kubwa katika daftari kubwa. Vijana wa kwaya wenye mwandiko mzuri waweza kuimaliza kazi hiyo katika juma moja. Somo la Jumamosi lifanyike kanisani, lisifanyike nje. Na siku ya kubarikiwa, watoto wanapopigwa picha mbele ya kanisa, mpiga picha awapange upande wa kivuli, asimwambie mtoto huyu avue kofia na kulitazama jua.

Shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Mzazi aliyemficha mtoto ndani amwone mwalimu mkuu kabla ya siku hiyo, aende pamoja na mtoto mwenyewe, na mzee mmoja wa usharika awasindikize njiani kwenda na kurudi.