Eliya Chini ya Mretemu
Andiko la juma: 1 Wafalme 19:1-8

Soma andiko kwanza, polepole. Eliya ametoka Karmeli na ushindi mkubwa, na muda mfupi baadaye yuko jangwani akimwomba Mungu amuue. Sasa tazama malaika. Hamkemei wala hamuulizi imani yake imeenda wapi. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, kisha anamlisha tena.

Mimi sikufanya hivyo.

Mwaka juzi, kwenye kesha, ndugu mmoja wetu alikuja madhabahuni. (Ameniruhusu nisimulie, jina nimemwachia mwenyewe.) Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa miaka mingi alikunywa chang'aa kila siku. Wengi hatukujua kwamba pia alikuwa akisikia sauti, na kliniki ilikuwa imempa tembe. Nilimwombea, kisha nikamwambia mbele ya watu aache chupa na tembe usiku huo huo. Kanisa likashangilia. Siku ya pili mama yake akanipigia simu alfajiri: "Pasta, kijana ameanguka, anatetemeka mwili mzima."

Nilidhani ni mapepo. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku akiikata ghafla, anaweza kupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, na wengine hufa. Mtu kama huyo anaacha pombe akiwa chini ya uangalizi wa daktari. Jumapili iliyofuata nilisimama nikaomba msamaha. Hapo hakuna aliyeshangilia.

Alipotoka hospitali, kituo cha waraibu kilisema hakishughuliki na wagonjwa wa akili. Kliniki ya akili nayo ikasema aache pombe kwanza ndipo arudi. Mama yake akazunguka na nauli zikaisha. Baada ya wiki chache sauti zilirudi, naye akarudi kwa chang'aa. Aliniambia kwamba akinywa zinanyamaza, anapata usingizi, lakini asubuhi zinakuja na nguvu zaidi.

Nilisomea biashara, kwa hivyo nivumilieni mfano huu. Ukiwa na madeni mawili, na unakopa huku ulipe kule, huwezi kusema utamaliza hili kwanza ndipo uangalie lile. Riba inakula pande zote. Ugonjwa wa akili na uraibu vikimpata mtu mmoja ni hivyo hivyo: vinatibiwa pamoja, na wanaomtibu wanazungumza. Tulitafuta hadi tukapata daktari aliyekubali kushika yote mawili.

Siku hizi mtu akija kwa ajili ya ulevi, namwita kando namuuliza: unalala? Unasikia mambo wengine hawasikii? Umewahi kufikiria kujiua? (Kumuuliza hakumpi wazo hilo, mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua.) Na akija na huzuni isiyoisha, nauliza anakunywa nini, anavuta nini, anatafuna nini. Muguka pia nauliza, maana vijana wetu wanasema ati ni jani tu, na jani hilo linaiba usingizi wa mtu ambaye akili yake tayari imechoka. Maombi tunaendelea nayo, na mikono naweka. Lakini kumwambia mtu aache dawa ya daktari, hayo si mamlaka yangu. Kama hujui pa kuanzia kuhusu pombe au dawa za kulevya, simu ya NACADA ni 1192, haina malipo.

Ndugu yetu alianguka tena Desemba, siku ya mshahara. Mzee mmoja akasema ushuhuda wake umekufa. Nikamuuliza, "Mzee, sukari yako ikipanda, wokovu wako unashuka?" Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Wiki iliyofuata ndiye aliyetoa nauli ya kliniki.

Jumatano ijayo ni siku yake ya sindano. Ni siku yetu ya kufunga pia. Tumekubaliana yeye atakula, na mimi nitamsindikiza.