MFINYANZI NA KAZI YAKE

Wahenga walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Maana yake, afanyaye vyombo vizuri vya watu, yeye mwenyewe hula katika kigae. Wengi huicheka methali hii, lakini ni wachache waulizao sababu yake. Leo tutaieleza, maana vyungu na mitungi vingali vyauzwa katika nchi zetu za kusini, na yafaa mnunuzi akijue anachokinunua.

Ufundi huu ni wa kale sana. Upande wa magharibi wa Tunduma, penye Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, Bwana J. Desmond Clark alianza kuchimbua mwaka 1953, akavumbua vigae vya watu waliofinyanga vyungu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Siku hizi wasifiwao hasa ni wanawake wa Kikisi, wakaao Ikombe na vijiji vingine vya ufuko wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Huko mlima umeshuka hata majini, na mahali pa kulima ni haba. Kwa hiyo udongo wa kufinyangia ndio shamba lao. Binti hujifunza kwa mama yake. Vyombo hupakiwa mitumbwini mpaka Lyulilo, karibu na Matema, penye soko la vyungu siku ya Jumamosi, na wachuuzi huvichukua mpaka Kyela, Tukuyu na Mbeya.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Udongo mtupu ukikauka hunywea na kupasuka; ndiyo sababu wafinyanzi wengi huuchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa. Kisha hukandwa sana ili pasibaki mawe wala hewa ndani yake. Chungu kikiisha kufinyangwa huanikwa kivulini, kikauke polepole. Jua likikipiga upande mmoja, upande huo hunywea kabla ya mwenzake, na ufa huingia.

Ndipo uje moto. Vyungu hupangwa, vikafunikwa kuni na nyasi, na joto la moto huo wa wazi hufika kadiri ya digrii 600 hata 900 za Selsiasi. Joto hilo hutoa hata maji yaliyoungana na udongo wenyewe, na tangu hapo chungu hakiwezi kurudi kuwa tope. Lakini kama unyevu ulikuwa umebaki, hugeuka mvuke kwa ghafula na kukipasua chombo. Basi kazi ya siku nyingi yaweza kupotea kwa saa moja, wala hapana amlipaye mfinyanzi hasara hiyo. Vizima huuzwa ili kupata chakula. Vilivyovunjika ndivyo vibakivyo nyumbani. Hiyo ndiyo sababu ya methali.

Mtungi nao una faida yake. Kuta zake zina vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya kidogo kidogo, hukauka kwa nje, na yakikauka huchukua joto. Kwa hiyo maji ya ndani huwa baridi pasipo barafu.

Ukitaka kununua, kigonge chungu kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti safi, ni kizima. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, kitafute ufa. Na kikiwa cha moto, usikiweke juu ya sakafu yenye maji.

Hatusemi mtu asinunue sufuria wala ndoo ya plastiki; hivyo havivunjiki upesi, na katika mji wa mpakani kama Tunduma ni rahisi kuvipata. Ila unapopatana bei na mwenye chungu, uhesabu kuchimba, kubeba, kukanda, kuni, na vile vyungu vilivyopasuka motoni, maana kilicho kizima hakina budi kuvilipia vilivyovunjika. Bei ikishushwa kupita kiasi, binti wa mfinyanzi ataitafuta kazi nyingine, na ujuzi wa mikono ya mama yake utazikwa pamoja naye.