Miguu Inapokufa Ganzi: Fahamu Maradhi ya Neva

Mkazi anayetoka sokoni na kugundua mlangoni kwake kwamba kandambili moja ilimvuka njiani bila kuhisi, asicheke tu na kuendelea na shughuli zake. Hiyo ni mojawapo ya dalili ambazo wahudumu wa kliniki za kisukari huulizia, kwa sababu huonyesha kwamba neva za miguu zimeanza kudhoofika.

Neva ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo, uti wa mgongo na sehemu nyingine zote za mwili. Kwazo mtu huhisi joto na maumivu, na kwazo misuli husogea. Nyingine huendesha mambo ambayo mtu hayafikirii, kama vile jasho, mapigo ya moyo na usagaji wa chakula. Neva ziendazo hadi vidole vya miguu ndizo ndefu kuliko zote, na ndiyo maana ugonjwa huanzia huko mara nyingi. Ganzi hupanda polepole, na inapokaribia magoti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kuguswa.

Si kila mgonjwa hupata ganzi. Wengine huhisi kuchomwa kama kwa sindano, au nyayo kuwaka moto usiku hata shuka likawa mzigo. Wapo wanaosema wanatembea kama waliokanyaga pamba. Vifungo vya shati huwashinda, hujikwaa ovyo, au hupata kizunguzungu wanaposimama. Wanaume wengine hupungukiwa na nguvu za kiume na kunyamaza kwa aibu, ilhali daktari angependa kulijua hilo.

Kisababishi kikuu ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hudhuru neva pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Kwa kuwa mtu anaweza kuishi na kisukari muda mrefu bila kujua, ganzi huweza kuwa ndiyo habari ya kwanza anayoipata.

Dawa nazo huchangia. Isoniazidi, inayotibu kifua kikuu, hupunguza vitamini B6 mwilini, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa kidonge cha piridoksini pamoja nayo. Wengine hukiacha wakidhani ni cha ziada, na hilo ni kosa. Metfomini ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, ila dawa haiachwi. Mgonjwa humwomba daktari ampime. Pombe nyingi, virusi vya Ukimwi, maradhi ya figo na neva kubanwa kifundoni mwa mkono pia huleta shida hii. Ukoma haujasahaulika: baka la ngozi lisilohisi mguso lionyeshwe katika kituo cha afya. Ukoma hupona kwa dawa, na matibabu yakianza mapema ulemavu huepukika.

Kupima hakuna mambo mengi. Mhudumu hugusa nyayo kwa uzi wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10, huku mgonjwa amefumba macho, kisha damu hupimwa. Tiba hulenga kwanza chanzo. Kwa maumivu, daktari huweza kuagiza amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku, au gabapentini. Dawa za kawaida za maumivu zinazonunuliwa dukani hazisaidii sana maumivu ya neva, na baadhi yake, kama diklofenaki, huweza kudhuru figo ambazo huenda tayari zimechoshwa na kisukari. Subira inahitajika pia: neva inayoota upya husonga takriban milimita 1 kwa siku, na nyingine hazirudi kabisa.

Hatari kubwa ya ganzi ni kidonda kisichouma. Kuloweka miguu katika karai la maji moto yenye chumvi, jambo linalopendwa majumbani, kumewaunguza wengi wasiohisi joto. Maji yapimwe kwa kiwiko. Nyayo zikaguliwe kila jioni, kwa kioo au kwa jicho la mtu wa nyumbani. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na sugu zisikatwe kwa wembe. Kidonda chochote, hata kidogo, kifikishwe zahanati siku hiyo hiyo.

Udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda ndani ya siku chache ni dharura, kwani huweza kufikia misuli ya kupumua. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, aripotiwe mara moja kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo kilicho karibu. Sampuli mbili za choo chake zinapaswa kuchukuliwa ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanza, ili zipimwe virusi vya polio.